Kata Niliyoinywa Dzivani

Siku ile ya chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu wote: "Mzee Stefano, utatuachia nini sisi tunaobaki?" Nikajibu kwamba nitawaachia kiti changu, kile chenye mguu mmoja mfupi, mtafute gazeti mkitie kabari. Mkacheka, tukala mandazi, nikaenda zangu nyumbani. Lakini swali lile halikulala, wala mimi sikulala.

Basi naandika. Nilipandishwa cheo lini na nilikuwa napata kiasi gani, hayo sitayasema. Aliyenipita kwa cheo atawasimulia mwenyewe, tena bila kuombwa. Nitasema habari ya kazi yetu ya ukalimani kama nilivyoifanya miaka ya arubaini, upande huu wa bara ya Mombasa, Changamwe, Kisauni na Likoni, nilipokuwa bado na sauti na meno yote. Na niseme mapema ili asiyetaka aache hapa hapa: mengi yatakayofuata yananitia haya, na sijui namna ya kuyaandika yasinitie haya.

Nilizaliwa Dzivani. Msiitafute kwenye ramani. Kilikuwa kijiji kidogo juu ya mkono wa bahari, upande wa Port Reitz, nyumba za makuti, minazi, mihogo, na kanisa la udongo ambalo padre alikuja mara moja kwa mwezi. Tulikuwa Wakristo karibu sote, lakini tembo la mnazi hatukuliacha. Padre alijua. Alikuwa mtu wa akili, akija alipiga kengele ya baiskeli tangu mbali ili vibuyu vipate kufichwa.

Nilikuwa mwepesi wa kushika masomo. Nilipomaliza shule ya misheni, mwalimu alisema nimechaguliwa kwenda shule kubwa ya bara, ile ya juu kilimani, waliyokuwa wakisoma watoto wa machifu na wachache wengine waliookotwa huku na huku kama mimi. Mjomba wangu Mwero, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mzee wa Dzivani. Akapita nyumba kwa nyumba, kila nyumba ikatoa mbata, nazi kavu za kuuzwa, kwa ajili ya safari yangu. Namkumbuka alivyosimama mlangoni kwa watu akisema, "Hatumsomeshi mtoto wa dada yangu. Twasomesha mdomo wetu na sikio letu. Serikali yasema kwa lugha yake, na sisi hatuna mtu." Nilisimama nyuma yake nimevaa kaptura mpya, nikiona raha kutajwa.

Nawaambia habari ya shule ile kwa sababu nanyi mmepita hapo hapo na mnajivunia. Mimi pia nilijivunia. Tulioga maji ya baridi alfajiri, tukala kwa uma, tukacheza michezo ya kizungu tukiwa na suruali nyeupe. Atakayesikika akisema lugha ya kwao alitundikwa kibao shingoni. Na kila Jumamosi tulikuwa na mdahalo. Vikaratasi vilitiwa kwenye kofia. Ukitoa cha kuunga mkono, unaunga, ukitoa cha kupinga, unapinga. Unachoamini mwenyewe hukuulizwa, na baada ya miaka miwili hata wewe hujiulizi. Mimi nilikuwa bingwa. Nilipewa kamusi kubwa ya Kiingereza iwe zawadi yangu, na siku ile nililia kwa furaha. Ninayo mpaka leo, mende wamekula herufi za mwisho.

Kazi zetu zilikwisha gawiwa kabla hatujafanya mtihani wa mwisho. Huyu mtoto wa chifu arudi akawe chifu, huyu karani, huyu mwalimu, huyu mkalimani. Afisa wa serikali alikuja, akanywa chai na mkuu wa shule barazani, wakatuita mmoja mmoja kutuangalia. Hakuna aliyeuliza kama angependa kazi nyingine. Jamani, tuliona ni heshima! Mkuu wa shule alituambia kwamba serikali inatungoja, nasi tukanyosha migongo. Haikunipitia akilini kwamba na Dzivani nako walikuwa wakingoja.

Nilianza kazi mwanzoni mwa vita. Aliyenipokea alikuwa Mzee Athmani, mkalimani wa zamani, Mswahili wa Mji wa Kale, kanzu safi siku zote na kofia ya kazi ya mkono. Alitazama tai yangu, akatazama viatu, akasema, "Karibu, mwanangu. Hiyo tai yakubana, au ndivyo shingo yako ilivyo?"

Yote niliyofaa nayo katika kazi hii nilifunzwa naye. Simama hatua moja nyuma ya anayesema, mkono wa kushoto. Usimtazame anayesema, mtazame anayesikia, tena kwenye paji la uso, macho yatakusahaulisha. Jumla, yaani sentensi, ikiwa ndefu, ikate. Bwana akikasirika, wewe usikasirike. Bwana akikohoa, wewe usikohoe. "Wallahi nimemuona mmoja," aliniambia, "Bwana akipiga meza naye apiga meza. Watu wakacheka mpaka kesi ikaahirishwa." Na jambo lingine alilonionya ni hili: barazani usile, usinywe. Sikumwuliza kwa nini. Nilidhani ni mambo ya wazee, kuogopa kulishwa sumu. Nilikuwa nimesoma, na wasomi hatuogopi sumu.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa kwetu aliyeshtakiwa kwa kukata kuni mahali palipokatazwa. Alijitetea kwa lugha ya kwetu, na mimi, kwa vile nilikaa bara miaka mingi na kibao shingoni, maneno mengine yalinipotea. Nikayajaza. Nilitengeneza Kiingereza cha mdahalo, chenye kupanda na kushuka. Hakimu akaweka kalamu chini, akanisifu, akaniuliza nilisoma wapi. Kisha akamfunga yule mama. Akitolewa nje alipita karibu yangu akanishika mkono. "Asante, mwanangu," akasema, "umenisemea vizuri." Alidhani mimi ni wake. Nami nilijibu "karibu", kama muuza duka. Mchana ule nilikula wali kwa hamu, nikimsimulia Mzee Athmani jinsi hakimu alivyonisifu. Yeye alikuwa akichambua mwiba kwenye samaki wake.

Nimewahadithia hayo ili mjue nilikuwa mtu gani siku tulipokwenda Dzivani.

Vita vilikuwa vimepamba moto. Serikali ilitaka mahali pa kuweka vitu vya jeshi karibu na maji, na mahali palipotakiwa pakawa ni kwetu. Yule aliyekuwa Bwana Shauri wakati huo, ndiye mzungu wa serikali aliyeangalia upande wetu, aliniita ofisini. Alikuwa kijana, hakuwa mtu mbaya. Akaniuliza, "Wewe si mtu wa pale?" Nikasema ndiyo. "Vizuri sana," akasema. "Watakuelewa." Mzee Athmani alijitolea kwenda badala yangu, akisema si vyema mtu kuwapelekea watu wake habari kama hizo. Mimi nikakataa. Niliona ananionea wivu, anataka kuniibia baraza langu kubwa la kwanza. Ndivyo nilivyokuwa.

Tukafika asubuhi. Watu wamekusanyika mbele ya kanisa, wanaume mbele, wanawake nyuma, mama yangu katikati ya wanawake na leso yake mpya. Ilikuwa mara ya kwanza Dzivani kunisikia nikifanya kazi. Bwana Shauri akasema, nami nikasema baada yake: kwamba kuna vita, kwamba serikali inapahitaji pale, kwamba wapewe muda wa kuvuna, wahamie ng'ambo upande wa Utange, na kwamba vita vikiisha watarudi kwao. Alilisema hilo waziwazi, sikumwongezea. "Vita vikiisha, mtarudi." Nililisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye minazi ya mwisho.

Wazee wakasogea kando wakanong'onezana. Mjomba Mwero akaingia nyumbani mwake, akatoka na kibuyu cha tembo na kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini. Akachota, akaja nayo polepole isimwagike. Nilidhani anampelekea Bwana Shauri. Akampita. Akaninyoshea mimi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Unywe?"

Lilikuwa swali, nami nikalisikia kama makaribisho. Nilikuwa na matatizo mawili tu akilini: onyo la Mzee Athmani, na ahadi niliyoweka shuleni mbele ya madhabahu kwamba sitaonja tembo maisha yangu. Nikamgeukia Bwana Shauri nikamweleza kwamba wananikaribisha kinywaji. Akatazama jua, akasema, "Kunywa basi, tusiwavunje moyo." Nikainywa yote. Wanaume wakapiga kofi moja kwa pamoja, pa!  Niliwaza, angalia wanavyojivunia mtoto wao.

Hawakubishana tena. Walivuna, wakang'oa milango yao, wakahama. Bwana Shauri alinipongeza njiani, akasema kwingine ilibidi kupeleka askari. Jumapili ile mimi nilikwenda kwa padre kuungama tembo. Nilipiga magoti kwa uchungu wa kweli kabisa, na padre akaniambia dhambi yenyewe si kubwa, nisali. Nikasali. Hebu fikirieni, mtu mzima na kamusi yake, amepiga magoti anaungama kifuu cha tembo.

Vita vikaisha. Bwana Shauri wangu alikwisha hamishwa, akaja mwingine, mrefu, mwenye masharubu, asiyejua Dzivani ni mtu au ni ugonjwa. Mimi nilikuwa nimepewa chumba Changamwe, na nilikuwa nimejinunulia kiwanja huko Bofu, Likoni, mahali pazuri penye mikorosho na upepo. Nia yangu ilikuwa nijenge hapo nyumba ya bati ya kustaafia. Kila mwisho wa wiki nilivuka feri kwenda kukitazama tu, kama mtu anayechumbia.

Jumamosi moja nilirudi nikamkuta Mjomba Mwero amekaa kwenye kizingiti changu. Alikuwa amekonda. Nyuma yake wamesimama wazee wengine wa Dzivani, na Mbodze, binti yake, binamu yangu tuliyecheza naye utotoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Vita vimekwisha."

"Namshukuru Mungu, vimekwisha."

"Basi turudishe."

Nilicheka kidogo. Nikamwambia, "Mjomba, hayo ni mambo ya Bwana Shauri. Nendeni ofisini Jumatatu, nami nitawasemea."

"Hatukumpa yeye kata," akasema. "Tulikupa wewe."

Sikuelewa. Nikaanza kumweleza kazi ya mkalimani, kwa ufasaha, kama nilivyofunzwa: kwamba maneno si yangu, kwamba mimi ni njia tu ya kupitia. Walinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha Mjomba akanieleza kama unavyomweleza mgeni. Kwetu, mtu akitumwa kuomba jambo kwa niaba ya mwingine, liwe la mke au la shamba, wazee hawajibu mpaka wampe mbeba neno kata ya tembo. Ana hiari kuikataa; akiikataa, watu hujua neno lile halina mwenyewe, na jambo hufa hapo hapo bila ugomvi. Akiinywa, limekuwa lake. Aliyemtuma akigeuka, anayedaiwa ni mbeba neno. Posa ikivunjika, yeye hulipa. Shamba likikosekana, yeye hutoa lake.

"Wazungu twawajua," akasema Mjomba. "Huja wakenda. Tungempa yeye kata, leo tungemtafuta wapi? Tulikuuliza wewe: unywe? Ukanywa. Tukasema, basi, huyu hana pa kwenda, ni wetu."

"Mimi sikujua, Mjomba."

Alinitazama kwa mshangao, na nadhani hakuniamini. Mbodze ndiye aliyesema, tena kwa upole, "Haijui hata mtoto wa miaka saba?"

Jioni ile nilikwenda Utange kwa mama. Alikuwa akipepeta mchele nje ya kibanda cha kuazima. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, hakunipigia hata kelele kutoka kule nyuma walikokaa wanawake. Ungo ukasimama. "Nikwambie nini?" akasema. "Nilidhani wajua. Kila mtu pale alidhani wajua. Umesoma! Si ndiyo maana tulikupeleka?" Akaendelea kupepeta. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

Nilimwendea Mzee Athmani pia, nikamlaumu: "Ulinikataza kunywa, ulijua!" Naye akashika kifua. "Hayo ya kwenu mimi nitayajulia wapi? Nilikukataza kwa sababu tembo ni haramu, na uji wa barazani huleta tumbo. Basi." Kwa hiyo hata wa kumlaumu sikumpata.

Nikamwendea yule Bwana Shauri wa masharubu. Nilivaa tai. Nilimweleza ahadi iliyotolewa, na mimi ndiye niliyeitamka. Alinisikiliza vizuri. Akasema pale mahali pangali panahitajika na pataendelea kuhitajika, na aliyetoa ahadi hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Kisha akaniuliza nilisoma wapi. Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Mtu wa shule ile nilitegemea angeona jambo hili kwa mapana yake." Na mimi, wenzangu, badala ya kuona hasira, niliona aibu mbele yake. Niliona nimeiangusha shule.

Akaagiza baraza huko Utange, watu waambiwe. Mkalimani nikawa ni mimi.

Mngefanya nini? Mimi nimejiuliza miaka yote hii. Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kumwacha Mzee Athmani aende, na safari hii pia alijitolea. Lakini nilijiambia kwamba nikienda mimi nitawasemea kwa upole, nitalainisha. Huo ndio uongo wa kazi yetu, na nyote mnaujua.

Walikuja wote, wakakaa vilevile, wanaume mbele, wanawake nyuma. Bwana Shauri akasema, na kati ya maneno yake kulikuwa na jumla moja ndefu, nzito, ya zile tulizokuwa tukizipenda shuleni. Nikaipata. Nikaigeuza kwa Kiswahili kilichonyooka, kila kitu mahali pake, na ilipotoka kinywani niliiona ni nzuri, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nawaambia watu walionitolea mbata kwamba hawana kwao tena, na moyoni nilikuwa nimefurahi kwa jumla iliyopangika. Kisha nikaona uso wa Mjomba Mwero. Hakuwa akimtazama mzungu hata kidogo. Alikuwa akinitazama mimi, na alikuwa ananionea huruma.

Nilimaliza. Mjomba alisimama, akasema, "Tumesikia." Akaondoka, na watu wakamfuata.

Hakuishi sana baada ya hapo. Mbodze alikuja kwangu asubuhi, amejifunga leso kiunoni, bado hajalia.

"Baba amekufa," akasema. "Twamzika wapi?"

Nikasema Utange, si ndiko mnakokaa? Akanieleza jambo ambalo mimi, mtumishi wa serikali, nilipaswa kulijua kuliko yeye. Utange ilikuwa ardhi ya mwenyewe. Mwenye shamba hakatai mtu kupiga kibanda, kibanda huvunjwa kikahama. Kaburi hulikataa, maana aliyezika amekwisha sema hapa ni kwetu. Na Dzivani kulikuwa na seng'enge na askari mlangoni.

"Wazee wamesema niulize kwako," akasema Mbodze. "Wewe ndiye uliyekunywa."

Tulimvusha Mjomba kwa daraja la Nyali, tukapita kisiwani, tukangoja feri ya Likoni na jeneza begani katikati ya watu wenye vikapu vya samaki. Tulimzika Bofu, mahali pale pale nilipokuwa nimepanga pawe ukumbi. Hakuna aliyenishukuru, wala hakukuwa na sababu. Nilikuwa nikilipa.

Baada yake akaja mwingine, na mwingine tena. Kila alipokufa mtu wa Dzivani, ujumbe ulikuja kwangu, nami nilikwenda kuonyesha mahali. Pa jikoni, pa chumba cha wageni, pa kisima. Baadaye hawakuhitaji hata kuniuliza, walipajua. Mama alipokufa alizikwa karibu na kaka yake, chini ya mkorosho. Siku hiyo padre alinitaka niseme maneno machache. Nilisimama, nikafungua kinywa, na jumla zilizopangika zikaja zenyewe, zimejipanga foleni. Nikakaa chini bila kusema kitu. Watu walidhani ni uchungu wa kufiwa, na ulikuwepo pia.

Miaka iliyofuata naiacha, nyingi mnaijua. Nimeendelea kukalimani. Nimewafunza baadhi yenu kusimama hatua moja nyuma. Mtu aniulize kwa nini sikuacha kazi, nitamwambia ukweli: sikujua kufanya kitu kingine chochote. Shule ilinitengeneza niwe chombo cha serikali, na chombo hakikai rafuni peke yake kikajiona kina maana. Mara nyingine ningali nasikia kofi lile moja, pa! Na huona haya usoni nikiwa peke yangu chumbani, mzee mzima.

Sasa nimestaafu, nyumba sina. Kiwanja cha Bofu kimejaa. Pamebaki pembe moja karibu na njia, pa kutosha mtu mmoja. Mwezi uliopita nilivuka daraja la Nyali nikamwendea Mbodze huko Utange. Yeye ndiye mkubwa wa watu wa Dzivani siku hizi, na nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Alinipikia mihogo kwa nazi. Tulipokwisha kula nikamwambia haja yangu: kwamba siku yangu ikifika, nizikwe pale pembeni, na watu wetu.

Alikusanya sahani. Kisha akasema, "Hatukukatai, kaka. Lakini mwenye haja hajisemei mwenyewe. Tafuta mtu wa kukubebea neno. Aje hapa, aseme kwa niaba yako, nasi tutampa kata."

"Nibebee wewe, Mbodze."

"Mimi ndimi ninayeombwa."

Nikajaribu kufanya mzaha. Nikamwambia, "Na akishainywa mtamdai nini? Mimi maiti nitavunja ahadi gani?"

Hakucheka. "Atakuja kusema kwamba wewe ni mtu wetu," akasema. "Ikionekana si kweli, tutamdai yeye."

Nimekuwa nikimtafuta mtu huyo. Mzee wa kanisa letu Changamwe anasema yeye hanywi. Mpwa wangu amesema atafikiri, na tangu hapo hapiti mlangoni kwangu. Mzee Athmani, Mungu amrehemu, hayupo, na hata angekuwepo tembo ni haramu.

Siku ya chai mlisema, mzee, ukiwa na haja yoyote utuite. Nawashukuru kwa moyo mweupe. Kwa hili siwaiti. Nyinyi mmesoma kule kule nilikosoma mimi. Mtakuja mmevaa vizuri, mtaniombea kwa maneno mazuri kabisa, bila kujiuliza kama ni kweli, na mkipewa ile kata, mtainywa.